Maswali Yenu: Nani Akuzamishe Cozumel?

Mwezi huu barua nyingi ni za kuzamia, na kabla hamjaanza kunichekea, nasema kuzamia kwa mtungi na kadi mfukoni, sio kuzamia meli. (Siku nilipomwambia marehemu babu nimepata kazi ya uzamiaji alinyamaza kidogo, akaniuliza, meli ya wapi hiyo?) Walioandika wengi wako Marekani, Kanada na Ulaya na wanakwenda likizo visiwa vya Karibi, basi tuanze na huyu wa Houston maana barua yake imebeba za wenzake watatu.

Shikamoo Anko. Mimi na mke wangu tunaishi Houston, kwetu Tanga. Mwaka juzi tulipokwenda nyumbani tulichukua kadi ya openi wota, ile ya ngazi ya kwanza ya uzamiaji, kule Nungwi, tangu hapo tumezamia mara tisa tu, zote Zanzibar, ya mwisho ni miezi kumi na minne sasa. Februari tunakwenda Cozumel siku sita. Nimefungua intaneti nimekuta makampuni mpaka kichwa kinauma, kila moja nyota tano, kila moja ndiyo bora kisiwani, bei zinapishana dola thelathini arobaini kwa kitu kilekile. Hoteli nayo ina duka lake la kuzamia palepale na wanatupa punguzo tukilipia siku zote kabisa. Mke wangu anasema tuchukue la hoteli tuache kujisumbua, mimi roho inasita. Tuchague vipi? — Mtanga wa Houston

Marahaba mwanangu, mkeo mwambie hajakosea sana, ila na wewe roho yako isikilize.

Kwanza hizo nyota ziache. Nyota tano anazitoa mtu aliyefurahi, na mtu akiwa likizo anafurahia kila kitu, kapewa nanasi la baridi kwenye boti kamwona kasa, basi nyota tano, hajui hata mtungi wake ulijazwa lini. Na zile nyota za mashirika ya mafunzo zinazobandikwa ukutani zinahusu zaidi kozi na huduma duka linazouza, hazikwambii nahodha wa Jumanne ni nani. Mimi nasoma riviu za nyota tatu na mbili. Mtu akilalamika taulo hazikuwepo, napita. Akilalamika "tulishuka kumi tukapanda saba, watatu wakarudi na boti ya watu wengine", hapo naweka chai chini nasoma mpaka mwisho.

Sasa uijue Cozumel yenyewe. Kisiwa kimekaa mbele ya pwani ya Yucatán, Mexico, na kati yake na bara kuna mkondo unaopita kama mto, mara nyingi kutoka kusini kwenda kaskazini. Miamba inayosifiwa, Palancar, Columbia, Santa Rosa, San Francisco, Yucab, iko upande wa magharibi ndani ya huo mkondo. Kule boti haitii nanga wakati mko chini. Mnashuka, maji yanawabeba, ukuta wa matumbawe unapita pembeni kama maduka ukiwa umekaa dirishani kwenye daladala, na boti inawafuata juu ikiangalia mapovu, mtakapoibukia ndipo itakapowachukua. Raha yake haina mfano, unaweza kukaa dakika nzima hujapiga pezi. Ila umeona hapo, ulipoanzia sio unapomalizia, na kukupata tena ni kazi ya jicho la nahodha.

Mimi yalinikuta. Sitataja kampuni. Tulikuwa wazamiaji tisa, muongozaji mmoja, na lile boya refu la kujaza hewa ambalo wenyewe tunaliita soseji alikuwa nalo yeye peke yake. Tuko Santa Rosa, bwana mmoja wa makamo miwani ikamjaa maji akaanza kutapatapa, nikamshika, nikamtuliza, akaimwaga maji vizuri, mambo ya dakika moja na nusu tu. Kuinua macho, watu hakuna. Mkondo umeshawachukua. Tukapanda wawili, tukasimama mita 5 dakika zetu 3 za usalama kama kawaida, tukaibuka, juu mawimbi madogo madogo ya kuudhi, boti hatuioni, tunaona tu meli ya kitalii kwa mbali imekaa kama gorofa. Bahati mimi natembea na soseji yangu, nikaijaza tukaishikilia, nikapiga filimbi mpaka mashavu yakauma. Dakika ishirini na tano! Walipotufikia muongozaji akasema, tena anacheka, "tulidhani mmepanda boti nyingine". Yaani hawakuhesabu vichwa. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kampuni yoyote ni hilo, nani anahesabu watu, na anahesabu lini. Kampuni nzuri inakujibu bila kufikiri: nahodha anahesabu mkishuka, anahesabu mkipanda, jina kwa jina.

Na soseji nunueni zenu, kila mtu na yake, zinauzwa dola thelathini arobaini, na mjifunze kuijaza kabla hamjasafiri. Bwawani inatosha.

Haya, dawa ninayotumia mwenyewe kuchagua. Andika ujumbe mmoja, uleule, uupeleke kwa kampuni tatu au nne kwa wasapu au imeili. Usijipambe. Waambie: tuko wawili, tuna kadi ya openi wota, tumezamia mara tisa, mwisho miezi kumi na minne iliyopita, mkondo mkali hatujauzoea, mnatushauri nini? Halafu kaa usubiri. Atakayekujibu "hakuna shida rafiki, kesho tunawapeleka Garganta del Diablo" mfute hapohapo, manake hiyo Garganta iko Punta Sur, ni shimo unaingilia kwenye mwamba na unatokea nje ukiwa unakaribia mita 40, na kadi yako inakuruhusu mita 18. Huyo hajasoma ulichoandika, kaona dola tu. Atakayekujibu kwa maswali, mara ya mwisho mlishuka kina gani, mlitumia uzito kiasi gani, hewa inawaishia dakika ya ngapi, mna vifaa vyenu au mtakodi, nani kati yenu ana wasiwasi zaidi, halafu akasema siku ya kwanza tuanze na sehemu ya kina kifupi kama Yucab au Paso del Cedral, au tuanze na saa moja ya kukumbushana mazoezi hapa karibu na ufuko, huyo ndiye. Hata kama kazidi dola ishirini. Mimi naamini hivi, na wapo wenzangu wazamiaji wanabisha, lakini muuzaji anayekuhoji kabla hajachukua pesa yako ndiye huyohuyo atakayekuangalia chini ya maji.

Kwenye majibu yao tafuteni na habari ya boti. Cozumel kuna boti ndogo za mbio zinazobeba watu sita mpaka wanane, na kuna boti kubwa za polepole zinazobeba ishirini na kitu. Boti kubwa sio mbaya, ina choo na kivuli na mke wangu mimi haipandi nyingine, ila kama mmelala mjini San Miguel halafu mnataka Palancar au Columbia ambazo ziko kusini kabisa, na boti ya polepole utakaa safarini saa nzima na zaidi. Kwa hiyo muulize hoteli yenu iko upande gani na boti inawachukua wapi, gati la hoteli au mpande teksi mwende bandarini. Watu kwa muongozaji mmoja mimi naishia sita, na kwa watu wa mara tisa kama nyinyi ningependa wanne.

Halafu uliza swali ambalo watu wanaona aibu kuliuliza: nikiishiwa hewa mapema mnafanyaje? Maana utaishiwa, usibishe, mzamiaji mgeni kwenye mkondo anahema kama kapandisha gunia ghorofani. Kuna kampuni ambako mmoja akiishiwa wote wanapanda, na hapo wenzako watakununia mpaka jioni. Kuna nyingine muongozaji anarusha soseji, wewe na mwenzio mnapanda kwa kuifuata kamba, boti inawachukua, wengine wanaendelea. Zote sawa, mradi ujue kabla. Kisicho sawa ni kuambiwa "panda tu, boti itakuona" halafu huna hata boya. Kampuni nyingi kule zina mitungi mikubwa ya futi 100 na 120 za ujazo badala ya ile ya 80 mliyozoea, wanaongeza dola chache, chukueni, hakuna atakayewacheka.

Kitu kingine kidogo ila kinachanganya, nyinyi mmejifunzia Zanzibar kwa mita na bar, yaani kipimo cha presha ya mtungi. Kule wateja wengi ni Wamarekani, geji nyingi zinasoma psi, kipimo chao cha presha. Mtungi uliojaa hautasoma 200, utasoma 3000, na ile 50 mliyofundishwa kubakiza ni kama 700 hivi. Futi 60 ndiyo mita zenu 18. Ukiambiwa "rudisha na 500" usidhani ni 500 za kwenu. Na uzito wa kiunoni watawapimia kwa ratili, kilo 6 ni ratili 13.

Asubuhi ya siku ya kwanza, kabla boti haijatoka, fanya hivi mbele yao na usione haya. Fungua koki ya mtungi, tia regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa, mdomoni, vuta pumzi nne za nguvu huku unatazama geji. Mshale utulie palepale. Ukishuka kila unapovuta na kupanda unapoacha, koki haijafunguliwa yote au kuna kitu kimeziba, ita mtu. Kisha nusa hiyo hewa. Hewa nzuri haina harufu wala ladha, ukisikia mafuta au moshi wa jenereta usishuke nayo hata mita 2, compresa yao, ile mashine ya kujaza mitungi, inavuta hewa chafu. Pinda mpira karibu na pale unapoungana na chuma uone kama una nyufa. Mwisho waombe wakuonyeshe oksijeni ya dharura, na sanduku wakufungulie. Mimi niliwahi kufunguliwa sanduku, boti ya watu sitawataja, nikakuta miwani ya jua, mafuta ya kujipaka na nusu ya sandwichi. Mtungi wenyewe wa oksijeni ulikuwa ofisini, "salama zaidi", nahodha aliniambia.

Februari ni miezi ya norte, upepo wa kaskazini unaoshuka kutoka kwenu huko Texas kwenda kuwasumbua Wamexico. Kaskazi letu ni mpole, huu una hasira. Ukivuma mkuu wa bandari anafunga bandari na boti ndogo hazitoki, iwe umelipa au hujalipa. Ulizeni mapema, bandari ikifungwa pesa inarudi au mnapangiwa siku nyingine? Na akitokea mtu wa kuwaambia yeye anajua njia ya kutoka hata bandari ikifungwa, mwacheni aende peke yake. Hapa ndipo sitaki mlipie siku zote sita. Punguzo la hoteli ni zuri mpaka siku ya pili mkigundua muongozaji mmoja anapeleka kundi lenye watu wa kujaribu kwa mara ya kwanza pamoja na nyinyi. Lipieni siku moja, mitungi miwili, yaani kuzamia mara mbili, mwone. Duka la hoteli likifaulu mtihani wa maswali, mkeo ameshinda, tena gati liko mlangoni. Likishindwa, mmepoteza siku moja tu.

Bei nayo usiitazame juu juu. Safari ya mitungi miwili utaona kati ya dola 90 na 130 hivi. Aliyeandika 90 pengine hajaweka kodi ya Mexico ya asilimia 16, wala ushuru wa hifadhi, wala kukodi vifaa, na aliyeandika 120 kaweka vyote. Bahashishi ni dola 5 mpaka 10 kwa mtungi, kwa mtu, mnawapa muongozaji na nahodha, na nahodha msimsahau kwa niliyokwisha kueleza.

La mwisho kwenu. Miamba ile ni hifadhi ya taifa tangu 1996, glavu hairuhusiwi, kisu hakiruhusiwi, kulisha samaki hakuruhusiwi. Muongozaji utamjua hapo. Kuna samaki mmoja kule wanamwita kwa Kiingereza toadfish, samaki chura, ni wa Cozumel hasa, amejaa mistari kama kanga, mapezi kingo zake njano, anakaa ndani ya upenyo chini ya tumbawe na unamsikia anakoroma kabla hujamwona. Muongozaji mzuri anajua tundu lake, anakuonyesha kwa tochi, mnaangalia kwa zamu mkiwa mmeelea bila kugusa kitu, mnaondoka. Mbaya anamchokoa kwa fimbo atoke mpige picha. Mimi nimegundua, anayechokoa samaki na watu anawapeleka hivyohivyo, harakaharaka.

Anko asalaam aleikum. Mimi Mmombasa niko Rotterdam. Mimi na dadangu twaenda Bonaire Mei, tumezamia mara arobaini arobaini kila mtu. Wenzetu watwambia kule hakuna haja ya kampuni, wakodi gari watia mitungi nyuma wajizamia mwenyewe. Ni kweli ama ni kujitafutia balaa? — Wa Kibokoni

Wa aleikum salaam dada. Ni kweli, na kwa mara arobaini nyinyi mtaifaidi kuliko mtu yeyote. Bonaire tangu 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi lakini pesa yao ni dola ya Marekani, na upande wa magharibi mwamba unaanza hatua chache tu kutoka ufukoni. Kandokando ya barabara kuna mawe yamepakwa rangi ya njano yameandikwa jina la sehemu, unaegesha pikapu, unavaa, unaingia majini kwa miguu yako.

Lakini kampuni mtaihitaji tu. Bahari yote ya kule ni hifadhi tangu 1979, mnalipa ushuru wa mazingira, na kabla hamjaachiwa mjitembelee lazima mhudhurie maelezo na mzamie mara ya kwanza chini ya kampuni, wawaone mnavyoelea. Kwa hiyo mnachochagua kule ni kituo cha mitungi zaidi kuliko muongozaji. Mitungi mnaipata saa ngapi, mpaka usiku au wanafunga saa kumi na moja jioni? Nitroksi, ile hewa iliyoongezwa oksijeni, iko bei moja na hewa ya kawaida? Kuna mwamba mbele ya duka wenye ngazi ya kushukia, ili siku mmechoka kubeba vyuma mruke hapohapo? Kuna mtu wa kwenda nanyi siku ya kwanza mkitaka? Mimi siku ya kwanza ningemlipa mtu, kisha ningemshukuru.

Viatu vya kuzamia chukueni vyenye soli ngumu, maana kuingia kwenyewe ni juu ya mawe makali, na kule kusini mawimbi yanaweza kukuangusha na mtungi mgongoni, niliwahi kurudi na goti kama nimetoka kucheza mpira wa mchangani. Anzeni kwa kuogelea dhidi ya mkondo, mrudi nao. Na gari, hapa nisikilizeni vizuri, liacheni milango wazi na vioo chini na ndani msiache kitu, hata miwani ya jua. Wezi wapo na vioo vinavunjwa. Ni kama viatu msikitini, nenda na vya zamani. Tangu 2023 kuna ugonjwa wa matumbawe umefika kule, mtaambiwa mwoshe vifaa kwa dawa, osheni kweli, msichovye tu.

Mkienda Hilma Hooker, meli iliyolala kwa ubavu kwenye mchanga kama mita 30 chini, ilizama 1984 baada ya kukamatwa na shehena ya bangi. Siku hizi inakaa samaki.

Anko, mimi ni nesi Atlanta, napanda meli ya kitalii itasimama Cozumel masaa nane tu. Meli wanauza safari ya kuzamia ghali sana, kampuni ya nje ni karibu nusu bei. Nitoroke? — Mlevi wa bahari

Toroka, lakini kwa akili. Ukichukua ya meli na boti ikachelewa, meli inakusubiri. Ukichukua ya nje ukachelewa, unaipungia mkono. Wewe chukua ya nje ya asubuhi tu, ya mchana usiiguse. Waambie jina la meli na gati, maana magati ya meli kule ni matatu, moja katikati ya mji na mawili kusini kidogo, nao wakwambie watakuchukua wapi. Halafu saa! Jimbo lile la Quintana Roo halibadilishi saa kipindi cha kiangazi, na meli nyingine inabaki na saa yake ya ndani, waweza kuona tofauti ya saa nzima. Kila ukipewa muda uliza, saa ya meli au ya kisiwa? Na wewe mwenzangu unayefikiri kwa Kiswahili, "eight" yao ni saa mbili asubuhi. Najua unajua. Dada mmoja aliyekaa Marekani miaka kumi na moja alijua pia, akafika saa nane mchana kajipaka mafuta ya jua.

Habari Anko. Tunakwenda Roatán, Honduras, mimi nina kadi, mume wangu hana, anataka kujaribu mara moja tu na mwalimu. Alikuwa na pumu utotoni. Anasema kwenye fomu ataandika hapana, kwani ni zamani. Mimi sijui nimnyamazie? — Mke, Toronto

Usimnyamazie. Ile fomu ya afya sio ya kumridhisha karani. Pumu inaweza kufunga hewa ndani ya pafu wakati mtu anapanda, na hewa inatanuka kadiri unavyopanda, pafu likijaa halina pa kuipeleka. Wapo wenye pumu ya zamani wanaoruhusiwa kuzamia, lakini anayeruhusu ni daktari, kwa kumpima. Aende kwa daktari hapo Toronto sasa hivi, apimwe kifua, atiwe saini kwenye fomu, asafiri nayo. Watu wengi wanakwama hivi: wanajaza fomu kaunta, siku ya likizo, wanaweka tiki ya ndiyo, kampuni inawaambia leteni daktari, na daktari wa kisiwani yuko mbali au ghali, basi wanaomba fomu mpya waandike hapana. Na kampuni inayokupa hiyo fomu mpya huku inakukonyeza, ondokeni pale wote wawili.

Kwa mtu wa kujaribu, kina chake mwisho ni mita 12, na muulize kabla, mwalimu atakuwa na watu wangapi? Mimi nataka wawili kwa mwalimu, mmoja bora zaidi. Na aanzie maji ya kifuani, avue regyuleta airudishe, atoe maji kwenye miwani, kabla ya kupandishwa boti. Wakimvisha tu wakamrusha, hapana.

Kisha bima. Ya safari ya kawaida mara nyingi haigusi kuzamia au inaishia kina fulani, ichukueni ya wazamiaji, kama ya DAN, shirika la usalama wa wazamiaji lililoanza 1980. Matibabu ya chemba ya presha, kile chumba cha kumtibu mzamiaji aliyepanda harakaharaka, ni maelfu ya dola. Honduras wanaijua chemba kwa machungu yao, Wamiskito wa pwani ile ya La Mosquitia wamezamia kamba-koche miaka mingi kwa vifaa vibovu, mtungi juu ya mtungi, wanapanda harakaharaka, na wengi wamepooza miguu wakiwa vijana. Sisi tunaotoka kwa wazamiaji wa jongoo bahari hatuhitaji kuelezwa sana. Muulize kampuni chemba iliyo karibu iko wapi na wanamfikishaje mtu. Anayejua anataja barabara.

Anko nasoma Florida, narudi kutoka Cozumel Jumapili saa sita mchana kwa ndege. Jumamosi boti ya mchana nizamie au nisizamie? — Wa Kisauni

Ukizamia siku kadhaa mfululizo wanashauri masaa 18 angalau kabla ya kupanda ndege, ukizamia mara moja tu 12. Rudisha nyuma: saa sita mchana kutoa 18 ni saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi, na hapo lazima uwe umeshatoka majini kabisa. Boti ya mchana kule inaweza kurudi jua linazama, na mtungi wa pili ndio unaokukaribisha na hiyo saa. Chukua ya asubuhi. Mchana panda feri uende Playa del Carmen ukale taco, feri inakwenda usawa wa bahari, haina neno.